Tumbo la Mwenyekiti

Chema hakijiuzi. Waliosema chajiuza hawajawahi kuchora kwa penseli. Chema huketi karatasini kikiwa kijivu, kimenyamaza kama mgonjwa, hadi mtu mwingine aje akipitishie wino. Na siku kikitoka mbele za watu, mwenye wino ndiye anayepigiwa makofi. Ndivyo alivyowaza Ciakuthii asubuhi ile, ameketi kwenye kiti chake kibovu karibu na dirisha, akimtazama Gladwell akiifuta kazi yake kwa raba.

Gladwell alifuta huku akiimba. Raba ilikwenda na kurudi juu ya ukurasa, na kila ilipopita, mistari ya penseli ilitoweka, ikabaki ile ya wino peke yake, myeusi, safi, inang'aa. Makombo ya raba yalijikusanya pembeni. Gladwell aliyapuliza, akayapangusa kwa kiganja, yakaanguka sakafuni. Ndani ya makombo yale mlikuwa na magoti ya wanawake, mikunjo ya leso, na mpini wa jembe ambao Ciakuthii aliuchora, akaufuta, akauchora tena mpaka ukakaa vizuri mkononi. Sasa vyote vilikuwa takataka ya kufagia.

"Cia, unanisikia?" Gladwell alisema bila kuinua kichwa. "Siku hizi unakandamiza penseli sana. Unakwaruza karatasi. Nikipitisha wino unaingia kwa mtaro, unatapakaa."

"Karatasi ni mbaya."

"Karatasi ni ile ile ya kila siku. Ni mkono."

Ciakuthii alijua ni mkono. Alikuwa akikandamiza makusudi, ili hata raba ikipita, alama ibaki kwenye karatasi kama kovu, na mtu akiupitishia ukurasa kidole ajue kwamba kuna mwingine aliyetangulia hapa.

Kazi yao ilikwenda hivyo tangu walipokodi chumba hiki mjini Meru, juu ya duka la vitambaa la akina Nasro. Ciakuthii, mzaliwa wa Siakago kule Mbeere, ndiye aliyeanza. Alisoma hadithi, akaugawa ukurasa kwa visanduku, akaamua nani asimame wapi, nani aonekane uso na nani mgongo, kisha akachora kila kitu kwa penseli. Alipotaka pajae weusi, aliweka x ndogo. Baada ya hapo Gladwell, msichana wa Kaaga, alichukua brashi na kalamu ya kuchovya, akapita juu ya penseli ile kwa wino. Hapa alinenepesha mstari, pale aliukondesha, na penye x alijaza weusi. Wino ulipokauka, penseli ilifutwa. Mashine ya kuchapa haitaki kijivu.

Mwanzoni Ciakuthii hakuona ubaya wowote. Aliona wao ni kama mafiga, moja likitoka chungu kinamwagika. Kisha siku moja Gladwell akapiga picha ya ukurasa uliokwisha kupakwa wino, akaiweka mtandaoni. Watu wakamiminika. *Mkono wa dhahabu. Dada, unatuua. Huyu msichana wa Meru ana kipawa.* Gladwell alikuwa amemtaja Ciakuthii, hilo ni kweli, ila jina lilikuwa limeangukia chini kabisa ya maelezo, mahali ambapo mtu halioni mpaka abonyeze aendelee kusoma. Ciakuthii alibonyeza. Alibonyeza mara nyingi kuliko msomaji yeyote mwingine. Tangu siku ile, kila alipomwona Gladwell akiosha brashi zake, akizilamba ncha na kuzisimamisha kwenye kikombe kama maua, aligeuzia uso dirishani.

Alimwonea wivu hata namna ya kufanya kazi. Penseli inataka kimya. Ukichora huku unafikiria kitu kingine, mtu anatoka na mikono mitatu. Lakini Gladwell alipaka wino redio ikilia, akicheka na watu kwenye simu, akinywa chai, na mstari ukatoka umenyooka kama maji ya mfereji.

Mlango ukasukumwa. Nasro akaingia na chupa ya chai, buibui lake limejaa nyuzi za vitambaa. Baba yake ndiye mwenye jengo, naye alikuwa na ruhusa ya kuingia popote bila kubisha.

"Mama amesema muongeze sukari wenyewe, imepanda bei," alisema. Kisha akauona ukurasa. "Weee! Gladwell! Huyu mzee wewe umemtoa wapi? Tazama tumbo! Tumbo linaingia kwa picha kabla ya mwenyewe!"

Gladwell akacheka. "Tumbo ni la Cia. Mimi nimelipaka wino tu."

"Lakini wino ndio unaonekana, my dear. Una mkono wewe. Wallahi, uko moto." Nasro akageuka kwa Ciakuthii, kama mtu aliyekumbuka adabu. "Na wewe pia unasaidia vizuri."

Unasaidia. Ciakuthii alijimiminia chai, akainywa bila sukari.

Kitabu walichokuwa wakimaliza kilikuwa cha shirika moja dogo linaloitwa Tunza Chemchemi, la kugawiwa wanafunzi wa Tigania na kwingineko. Hadithi ilikuwa ya Mama Karwitha, mkulima anayeamka kila siku kwenda kuteka maji kwenye bomba la kijiji, na mwenyekiti wa kamati ya maji aliyelifunga bomba hilo kwa kufuli ili maji yaende kwenye mashamba yake ya parachichi. Mwishoni wanawake wanamzunguka mwenyekiti na kumdai ufunguo. Ciakuthii alikwenda mwenyewe mpaka Mikinduri, akaketi juu ya jiwe karibu na bomba, akawachora wanawake kwenye foleni. Alitazama jinsi mkanda wa mtungi unavyokata paji la uso. Alitazama jinsi mwanamke aliyechoka kusimama anavyohamishia uzito kwenye mguu mmoja na kuweka mkono kiunoni, si kwa maringo. Tumbo la mwenyekiti nalo alilipata huko huko, kwa mwanamume aliyekuwa akinunua ndizi huku kifungo chake cha shati kikiomba msaada.

Hawajamaliza chai, wakasikia viatu kwenye ngazi. Alikuwa Bwana Salesio, mratibu wa shirika, faili kwapani, jasho kipajini. Hakuwa mtu wa kupanda ngazi bila sababu.

"Wasichana wangu, hamjambo. Kuna shida kidogo." Akatandaza kurasa mezani, akapekua kama mwalimu anayetafuta kosa, kisha akaweka kidole. "Hii."

"Hiyo ni nini?" aliuliza Ciakuthii.

"Hii tumbo. Itoke."

Gladwell akatazama Ciakuthii. Ciakuthii akatazama kidole.

"Itoke iende wapi?"

"Madam, usinichezee. Mheshimiwa ndiye atazindua hiki kitabu. Yeye ndiye ametupa gari, ametupa hema, picha yake iko kwa jalada. Sasa mtoto atafungua kitabu mbele yake, aone mtu wa tumbo kama hiyo, na kofia kama hiyo, anakula maji ya wananchi. Mnataka nipoteze kazi?"

"Mimi nilichora mwenyekiti wa kamati," alisema Ciakuthii. "Mheshimiwa hajakiona kitabu, na wewe tayari umemwona ndani."

Gladwell akakohoa ili asicheke. Salesio hakucheka.

"Meru hii, tumbo kama hiyo ni moja."

"Ziko nyingi, Bwana Salesio. Nenda sokoni uhesabu."

"Mkonde. Awe mtu wa kawaida." Akafungua faili, akatoa mfano wa jalada. "Na kuna hii nyingine."

Juu palikuwa na picha ya mheshimiwa akifungua bomba, meno yote nje. Chini palikuwa na nembo za wafadhili, zimebanana kama watu kwenye benchi la zahanati. Katikati pamebaki nafasi ya mchoro, kama kiganja hivi, na chini yake mstari mmoja: *Michoro:* na vitone vya kujaza jina.

"Nataka jina," alisema Salesio. "Moja."

"Sisi ni wawili," alisema Gladwell.

"Najua mko wawili. Jalada ndilo halijui. Nikiweka mawili, maandishi yanakuwa madogo hayasomeki, na nembo siwezi kutoa hata moja. Kila nembo ina mwenyewe." Akainua ukurasa mmoja, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Hebu niambieni, hii ni mkono wa nani?"

Kwenye karatasi ile hapakuwa na chembe ya penseli. Kila mstari ulikuwa wa Gladwell.

"Ni wetu," alisema Gladwell.

"Wetu si jina." Salesio akakunja uso wa huruma. "Sikilizeni, mimi siwagombanishi. Kitabu kinachapwa Embu, na mtu wa mashine anataka kila kitu leo. Niletewe ofisini kabla ya saa kumi. Na niwaambie ukweli, ili msije mkaniambia sikuwaambia: wenzetu wa Embu nao wanaanza kitabu chao, na wana nafasi ya mchoraji mmoja. Watamwita yule watakayemsoma kwa jalada. Hawatauliza nani alishika penseli."

Akashuka. Viatu vyake vikasikika mpaka chini, na Nasro akamfuata, ana habari ya kuwapelekea wateja.

Embu. Ciakuthii aliusikia mji ule ukigonga kifuani. Embu ni kwao. Kutoka Embu hadi Siakago si mbali, na mama yake alikuwa bado anawaambia majirani kwamba binti yake "anaandikaandika huko Meru". Kitabu chenye jina lake, kinachosomwa katika shule aliyosoma mwenyewe, kingewafunga midomo. Kingemlipia chumba pia. Jina lingekuwa mlango.

"Tutamwambia aweke yote mawili," alisema Gladwell akivaa sweta. "Akikataa tutajua. Mimi nikimbie ninunue rangi nyeupe ya kufunikia hiyo tumbo, ile yetu imekauka. Ukurasa wa mwisho uko tayari?"

"Uko tayari."

"Basi niwekee. Nikirudi naupiga wino haraka." Mlangoni akageuka. "Na usininunie, Cia. Ni tumbo ya karatasi."

Alipobaki peke yake, Ciakuthii aliutazama ukurasa wa mwisho. Ulikuwa mchoro mmoja mkubwa, usio na visanduku: mwenyekiti amesimama mbele ya bomba lenye kufuli, na wanawake wamemzunguka. Ndio uliokuwa bora kuliko zote, naye alijua. Bado ulikuwa wa penseli, wake mtupu, kutoka ukucha hadi kofia. Baada ya muda mfupi Gladwell angerudi aupitishie wino, na raba ingepita baada yake, na huo pia ungekuwa mkono wa dhahabu wa msichana wa Kaaga.

Alichukua brashi.

Kwani wino ni nini? alijiuliza. Si kufuatisha tu? Amwaze mtu, ampime, amsimamishe kwa miguu yake, halafu ashindwe na kupitisha brashi juu ya mstari aliouchora mwenyewe? Akachovya. Akaanza na tumbo, kwa sababu ndilo walilotaka kumnyang'anya.

Mstari ulitoka mnene, ukasita, ukatetemeka, ukanenepa tena. Penseli humsubiri mtu, wino haumsubiri. Ukisimama kufikiri, unavimba pale uliposimama. Tumbo lililokuwa la mtu likawa gunia la viazi. Alibana meno, akahamia kwa Mama Karwitha, akisema moyoni kwamba uso mdogo utakuwa rahisi zaidi. Akachora jicho. Akashusha mkono kuchora shavu, na kiganja chake kikapita juu ya jicho bichi. Doa jeusi likatanda kutoka kwenye jicho hadi mdomoni, kama kofi.

Alijaribu kulifuta kwa kitambaa, likapanuka.

Aliketi. Hakulia; hasira haikumwachia machozi. Alikuwa ameamini kwa mwaka mzima kwamba anaibiwa na mtu anayefanya kitu chepesi, na sasa kitu chepesi kilikuwa mbele yake kimekufa. Wivu wenye dharau ndani yake una faraja kidogo. Ule uliombakia sasa haukuwa nayo.

Gladwell akarudi akihema, kichupa cha rangi nyeupe mkononi. "Wametuongezea bei tena, eti meli imechelewa. Meli gani inakuja Meru..." Akaona ukurasa.

Ciakuthii alisubiri kelele. Angepigiwa kelele angepona.

Gladwell hakupiga kelele. Alivuta kiti, akaugeuza ukurasa huku na huku, akauinamia. Kisha akachovya brashi, akaanzia pale pale kwenye doa, akaliteremsha shavuni, akalivuta hadi shingoni, akaliunganisha na kivuli cha mtungi. Mkono haukusita hata mara moja. Doa likawa kivuli, jua la mchana limempiga Mama Karwitha upande wa pili, na uso ukawa mkali kuliko ulivyokuwa kwenye penseli. Aliendelea: leso, mikanda, mikono viunoni, miguu yenye vumbi. Ciakuthii alitazama kila alichokifikiri kikiamka.

"Ungeniita tu," Gladwell alisema kwa upole.

Maneno mawili, nayo yalimchoma kuliko tusi.

"Nikuite kwa nini? Mikono ni yako peke yako?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Watu wanakusemea."

Gladwell akaweka brashi chini. "Unajua wananiuliza nini watu, Cia? 'Kwa hivyo wewe hufuatisha tu?' Kama mtoto wa chekechea! Mjomba wangu mwenyewe aliniuliza hivyo mbele ya wageni. Mimi nimetoka kuandika mabango ya hoteli, *Chapati Madondo Moto*, juu ya ngazi, jua likinipiga kisogoni. Hapo ndipo nilipata huu mkono. Sikuokota."

"Basi chukua jalada."

"Nilisema mawili."

"Ulisema mara moja."

Gladwell akafungua kichupa, akachovya brashi safi kwenye rangi nyeupe, akaanza kulipunguza tumbo la mwenyekiti, ukurasa baada ya ukurasa. Alikata hapa, akazungusha pale, akapitisha wino mwembamba kandokando. Kazi safi. Alipofika kwenye ukurasa wa mwisho akalifunika lile gunia la viazi kabisa, akamchorea mzee mkanda uliokaza.

"Gladi, huyo atakuwa na njaa," alisema Ciakuthii.

"Afadhali yeye kuliko mimi," alijibu Gladwell.

Walishuka kwa miguu kupitia soko la Gakoromone, kurasa zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki baina ya kadibodi mbili. Wauza ndizi walikuwa wakigombana na askari wa kanjo, wa serikali ya mji, aliyewaambia wasogee nyuma ya mstari, na hakuna aliyeuona mstari wenyewe. Ciakuthii ndiye aliyeubeba mfuko. Hakuwa tayari kuuachia.

Ofisi ya Tunza Chemchemi ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta. Juu ya kaunta palikuwa na daftari la wageni, na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe. Salesio alikuwa akizungumza kwenye simu na mtu wa Embu. "Ndiyo, ziko njiani... zimefika, zimefika." Akakata, akatandaza kurasa. Uso wake ukafunguka.

"Sasa haya ndiyo mambo! Ona! Mtu wa kawaida, hana shida na mtu. Nani amerekebisha?"

"Mimi," alisema Gladwell.

"Nilijua. Una hekima." Akavuta jalada, akatoa kalamu yake mfukoni, akaiweka juu ya ule mstari mmoja. "Haya. Jina?"

Ciakuthii alimtazama Gladwell. Alikuwa akisubiri neno moja, *mawili*. Akikataa tutajua, si ndivyo alivyosema asubuhi? Gladwell alitazama jalada, akatazama sakafu. Aliziminya ncha za sweta lake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu karani wa hospitali:

"Gladwell Murungi."

"Murungi kwa *u* ngapi?" Salesio alitania akiandika.

Ciakuthii aliuinamia ukurasa wa mwisho ili wasimwone macho. Na hapo ndipo alipoona kilichotendeka. Mwenyekiti alikuwa mzee mwembamba, amesimama peke yake mbele ya bomba, na umati wa wanawake wenye hasira umemzunguka, vidole usoni mwake. Alionekana kama mwizi wa kuku aliyeshikwa sokoni. Mtoto yeyote angemwonea huruma. Angesema, wanawake hawa ni wabaya, wanampiga mzee mwenye njaa. Wanawake wa Mikinduri, waliomruhusu Ciakuthii kukaa kwenye jiwe lao na kuwatazama wakichoka, walikuwa wamegeuzwa kundi la wahuni ili tumbo la mtu mkubwa lipate nafasi ya kupumua.

Akaishika ile kalamu ya kaunta. Uzi ulikuwa mfupi. Akauvuta ukurasa mpaka ukafika chini ya uzi, akabonyeza, na kutoka kwenye kifungo cha tatu cha shati hadi chini ya mkanda akamrudishia mwenyekiti tumbo lake.

Mstari ulikuwa wa bluu na ulikuwa mbaya. Rangi nyeupe haikuwa imekauka vizuri. Ncha ya kalamu ilizama ndani yake, ikaichana, ikakusanya matope meupe pembeni. Lakini lilikuwa tumbo. Hata mwenye kusimama mlangoni angeliona.

"We! We! We!" Salesio alimnyakua ukurasa. "Umefanya nini? Umefanya nini, wewe msichana?"

"Nimemaliza kuchora."

"Cia," Gladwell alinong'ona. Uso wake ulikuwa umepauka. "Cia, hapana. Jina langu liko hapo."

"Nimeliona."

Ukimuuliza leo, Ciakuthii atakwambia alifanya hivyo kwa ajili ya wale wanawake wa foleni. Usimwite mwongo, hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba alipousikia wino wa Salesio ukiandika *Murungi*, alitaka kitu kiharibike, na kilichokuwa karibu kilikuwa furaha ya rafiki yake. Nusu hizo mbili zilitoka kwa mkono mmoja, kwenye mstari mmoja, na hata yeye hakuweza kuzitenganisha.

Simu ya Salesio ikalia. Mtu wa Embu. Akaitazama, akaiacha ilie, akaweka viganja juu ya kaunta kama mzazi.

"Sawa. Mimi si mtu mbaya. Hili linaweza kutengenezwa. Gladwell, unaweza kufunika?"

"Naweza. Muda kidogo tu." Gladwell alikuwa ameshafungua kichupa.

"Vizuri. Na wewe," alimgeukia Ciakuthii, "utaomba msamaha. Hapa, mbele ya mwenzako. Umeharibu mali ya shirika. Ukiomba, tutasahau, na mimi mwenyewe nitakutafutia mahali. Kwa jalada hapana. Lakini huku nyuma, ndani, chini ya anwani, naweza kuweka, *akisaidiwa na*. Jina lako lote. Mama yako ataliona."

"Na nisipoomba?"

"Usipoomba hujawahi kufanya kazi hapa. Na Embu nitawapigia mimi."

Simu ikaanza kulia tena. Nje, askari wa kanjo alikuwa akipakia mikungu ya ndizi ya mtu kwenye gari.

Gladwell alimshika kiwiko. Macho yake yalikuwa na machozi, na Ciakuthii aliona kwamba yalikuwa ya kweli, jambo lililozidi kumkasirisha. "Sema pole tu, mwenzangu. Neno moja. Nililitaja jina langu kwa sababu niliogopa, umesikia? Niliogopa. Lakini kitabu kijacho nitawaambia. Nitawaambia yote. Sema pole, nifunike, twende nyumbani."

"Pole ya nini?"

"Ya tumbo, Cia. Ya tumbo tu."

Ciakuthii aliutazama mstari wake wa bluu, ule wa kwanza ambao raba isingeuweza. Brashi nyeupe ya Gladwell ilikuwa hewani juu yake, ikingoja. Aliutoa mkono wa Gladwell kwenye kiwiko chake, polepole, kidole kwa kidole.

"Funika," alisema. "Ndiyo kazi yenu. Lakini siombi msamaha. Kwako siombi, Bwana Salesio, na kwa mheshimiwa siombi." Akamgeukia Gladwell. "Na kwako pia, Gladi, siombi."